Sajili ya Hotelini Kutoka Garsen Hadi Chewele: Je, Mifano Yetu Inatosha?

Utangulizi

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka tutunge mazungumzo mafupi yanayodhihirisha sajili ya hotelini. Mimi, mzaliwa wa Chewele katika Kaunti ya Tana River, niliandika nilichokuwa nikikisikia tangu utotoni: mhudumu anayemwita mteja "ami", anayevitaja vyakula vyote vya siku hiyo kwa pumzi moja, na mteja anayenawa mikono baada ya kula kisha akasema, "Niandikie." Nilipata alama 3 kati ya 10. Pembeni palikuwa na maelezo ya wino mwekundu: "Kuchanganya ndimi kuko wapi?"

Makala haya ni jibu la swali hilo, ingawa limechelewa. Ikumbukwe kwamba isimujamii imetengewa alama 10 katika karatasi ya pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, na sajili ya hotelini ni miongoni mwa sajili zinazofundishwa sana. (Msomaji wa nje ya Kenya atambue kuwa kwetu hoteli ni mahali pa kula, kulala ni jambo jingine.) Sifa zake wanafunzi huzikariri: sentensi fupi, lugha ya adabu, msamiati wa vyakula, mteja kutajwa kwa jina la chakula alichoagiza, na kuchanganya Kiswahili na Kiingereza. Mfano unaotolewa aghalabu ni wa mhudumu wa mjini anayepaza sauti, "Rice beef ni ya nani?" Mfano huo ni wa kweli na hatuupingi. Tunachokipinga ni kuufanya mzani wa kupimia hoteli zote za nchi.

Halliday, katika kazi yake ya 1978, alieleza kuwa sajili huamuliwa na mambo matatu: shughuli inayoendelea, uhusiano wa wahusika, na njia inayotumiwa kuwasiliana. Walimu wetu wameishughulikia sana shughuli. Uhusiano wa wahusika wameupitia juu juu.

Mpunga, mchele, wali

Garsen ndipo barabara itokayo Malindi inapogawanyika: moja huelekea Lamu, nyingine Hola, Bura na hatimaye Garissa. Anayetoka Chewele kwenda kusoma Mombasa hana budi kupita hapo, na basi likisimama abiria hushuka kutafuta cha kutia tumboni. Kitovu cha mji huu mtu anaweza kukizunguka kwa miguu chai yake ikiwa bado haijapoa. Kutoka kituo cha mabasi hadi sokoni, masikio yake yatapokea historia nzima ya biashara ya pwani. Chapati imetoka Bara Hindi. Sambusa imetoka Uajemi kwa kupitia kwa Waarabu. Hamri imetokana na neno la Kiarabu lihusulo chachu, ilhali maandazi ni yetu wenyewe, kutokana na kitenzi kuandaa. Anjera wameileta Wasomali. Nasaba za maneno haya zimekwisha kuandikwa na wengi, nami sitakawia hapo.

Ninalotaka kukawia nalo ni sahani ya wali. Delta ya Tana ni nchi ya mpunga. Wapokomo wameulima kwa vizazi vingi wakitegemea maji ya mto yanapopanda na kushuka. Baadaye serikali nayo ilianzisha mradi mkubwa wa umwagiliaji karibu na Garsen, mradi ambao mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliuharibu vibaya. Kwa hiyo mhudumu wa hapa anapotamka neno "wali" huwa amelichagua kati ya maneno kadhaa yaliyo hai kinywani mwake. Ulioko shambani ni mpunga. Uliokobolewa ni mchele. Ukiiva ni wali. Mchele uliovunjikavunjika ni chenga. Punje ambazo hazikukoboka, zile zinazokwaruza meno, ni chuya. Ulioganda chini ya sufuria ni ukoko, nao una wateja wake maalumu ambao huuomba kwa sauti ya chini kana kwamba wanaomba siri. Uliolala ni kiporo. Uliopikwa ukawa majimaji ni mashendea, na mpishi akiona umefikia hapo atasema umekusudiwa wagonjwa.

Maneno yote hayo Mwingereza anayo moja tu la kuyabeba, naye hulazimika kuliongezea maelezo. Sasa mwambie mama aliyeamka alfajiri akapeta, akachagua chuya, akapika, aite kazi yake "rice". Huko kungekuwa kupoteza maana, si kuongeza madoido. Hii ndiyo sababu nasema kutochanganya ndimi katika mazungumzo niliyoyaandika hakukuwa kasoro. Kiingereza hujitokeza kwa urahisi pale ambapo chakula kimefika mezani bila historia ya jasho la wenyeji. Soda, chipsi na sosi husikika Garsen kila siku. Hata hivyo, maneno hayo yamekwisha kuvikwa nguo za Kiswahili. Ni mikopo ya msamiati, na kukopa msamiati na kuchanganya ndimi ni mambo mawili. Nimewaona watahini wakiyapa jina moja.

Niseme na hili, japo ni la kando. Lahani ya wimbo wetu wa taifa ilichukuliwa kutoka kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto. Taifa zima husimama wima kwa ajili ya sauti ya Tana. Maneno ya jikoni mwa Tana bado yanasubiri nje ya vitabu vya kiada.

"Samaki, basi lako linaondoka!"

Tuje kwenye sifa inayopendwa zaidi na wanafunzi, ile ya mteja kuitwa kwa jina la chakula. Katika fasihi tungeiita taashira: kitu kilicho karibu na mtu kinachukua nafasi ya mtu mwenyewe. Garsen ipo, tena imeshamiri. Dereva akipiga honi, mhudumu hupaza sauti, "Samaki, basi lako linaondoka! Chapati mbili, bado hujalipa!" Wanaoitwa hugeuka bila kinyongo.

Ukisafiri hadi Chewele, taashira hiyo hutaisikia. Chewele imo katika eneo bunge la Bura, upande wa juu wa mto, na watu wake ni mchanganyiko mkubwa. Wapo Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wamunyoyaya na Wasomali. Skimu ya umwagiliaji ya Bura nayo ilileta katika eneo hilo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, familia kutoka sehemu mbalimbali za nchi zije zilime pamba na mahindi, nazo zikaja na githeri yao. Katika benchi moja utakuta anayekula anjera, anayekula ugali kwa samaki wa mtoni, na anayesubiri githeri iive. Pamoja na tofauti hizo zote, hakuna anayeitwa githeri. Huyu ni "ami", yule ni "abti", wa tatu ni "mzee" au "baba fulani". Mhudumu kijana akimwita mtu wa makamo "ugali" atakuwa amemvunjia heshima, na habari itafika kwa mamake kabla hajaosha sahani.

Kwa hiyo taashira si sifa ya hoteli kama hoteli. Ni sifa ya watu wasiojuana ambao lazima wahudumiwe haraka. Kitenzi kuandika kinalithibitisha hili. Chewele, "niandikie" maana yake ni "nimekula kwa mkopo, tia jina langu daftarini". Kitenzi kimeimeza yambwa yake na kila mtu anaelewa. Kwenye kituo cha Garsen neno hilo lingeleta kicheko, kwani abiria anayeelekea Lamu ataandikwa vipi naye jina lake ni Samaki?

Leo ni strungi

Chai isiyo na maziwa ina majina mengi. Wapo wanaoiita chai ya rangi. Mombasa utasikia chai ya mkandaa, kwa kuifananisha na rangi nyekundu itokayo katika gamba la mti wa mkandaa. Wengine wetu huiita strungi, neno lililotokana na Kiingereza na kugeuzwa hata mwenyewe asilitambue. Kamusi ikiyaorodhesha majina haya kama visawe haitakuwa imekosea. Lakini msemaji wa Tana hayatumii kama visawe, kwa sababu hapa maziwa yana wenyewe.

Mchele, ndizi na samaki hutoka zaidi kwa wakulima wa kando ya mto. Maziwa hutoka kwa wafugaji, nao wanawake wa Kiorma ndio huyaleta sokoni. Kikombe cha chai ya maziwa mbele ya sahani ya mkulima ni ishara kwamba pande mbili zimeonana asubuhi hiyo. Mapigano ya Agosti 2012 hadi Januari 2013 katika delta, yaliyowaua zaidi ya watu 100, yaliuvunja mkutano huo wa kila asubuhi.

Desemba 2012 nilikuwa nikirudi nyumbani kwa likizo, nikiwa kidato cha kwanza. Basi lilisimama Garsen. Mhudumu alikuja mezani petu, hakuitaja orodha yake ndefu, akasema tu, "Leo ni strungi, ndugu zangu." Hakuna aliyeuliza maziwa yako wapi. Baada ya kimya kirefu mzee mmoja aliuliza kama barabara ya mbele ni salama, naye akajibiwa, "Kunyweni kwanza."

Mazungumzo hayo yana sentensi fupi, yana adabu, na yana msamiati wa chakula. Neno pekee lenye asili ya Kiingereza ndani yake ni strungi.