Kumwita mboloko kwa pua

Sokoni Kalima, mashariki mwa Kongo, utapata taa ya kichwa, panga na buti za mpira. Kilio cha mboloko hakiuzwi. Kinatoka puani bure, na labda ndiyo sababu vijana wengi wanakidharau: wanabeba bunduki ya kalibre 12, wanatembea toka alfajiri hadi jua la utosi, wanarudi na matope peke yake. Mboloko aliwasikia tangu mbali. Ni swala mdogo wa kilo nne hadi sita, dume na jike wanaishi wawili wawili katika kipande cha msitu wa hekta chache, na kila njia ya humo wanaijua. Huwezi kumfuata. Inabidi aje mwenyewe.

Kinachomleta ni kilio cha mwenzake aliyekamatwa. Wawindaji wa msitu wa Kongo wanakiiga tangu zamani, na huko Gabon watafiti wamekitumia kuhesabu wanyama hawa bila kuua hata mmoja. Sauti inayofaa kuhesabia ni ileile inayofaa kuwindia, na ni rahisi mno.

Kuna njia tatu za kuitoa. Watoto wanajua ya bua la jani la papai: unalikata, unapasua ufa mdogo karibu na ncha iliyozibika, unapuliza. Linalia sana, na hapo ndipo ubaya wake. Linafaa uwanjani, siyo msituni. Ya pili ni unyasi mpana ulionyooshwa kati ya vidole gumba viwili. Huo unatoa kilio chembamba kizuri, ila ukilowa umekwisha, na msitu wetu hukauka lini? Pia unashika mikono yote miwili wakati bunduki inataka mmoja.

Iliyobaki ni pua, na ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Bana pua kwa kidole gumba na cha shahada, chini ya mfupa, pale penye nyama laini. Usizibe kabisa. Funga mdomo, kisha sukuma sauti toka kooni ipite pale ulipobana: nyeee, nyeee. Kila mlio uchukue muda wa kusema "mboloko" polepole, uanze kwa nguvu, ushuke mwishoni kama mnyama anayeishiwa pumzi. Ukisikia unalia kama mtoto mchanga, umebana kidogo mno. Ukikoroma, umebana kupita kiasi. Fanya mazoezi nyumbani karibu na mbuzi. Jike mwenye mtoto akiinua kichwa na kukutazama, uko tayari. Watu wa nyumbani watakucheka, wavumilie.

Mahali panashinda sauti. Ukiwa karibu na machimbo ya kasiterite, penye mashine na pikipiki, okoa pumzi yako. Tafuta msitu mkubwa ambao chini yake ni peupe kiasi, unaweza kuona hatua kumi na tano hadi ishirini. Kwenye majani mapana yaliyofungamana mboloko atakuja mpaka miguuni pako, na hutamwona. Shika majivu kidogo mfukoni uyadondoshe, uone upepo unakoelekea: asubuhi, hewa ya baridi inateremka kufuata bonde, jua likipanda nayo inapanda. Kaa upande ambao harufu yako haitamfikia kwanza. Mimi napenda saa moja hadi saa tatu asubuhi, hasa mvua ya usiku ikishakatika, maana majani yaliyolowa hayalii chini ya mguu. Mvua ikiwa bado inanyesha, lala tu.

Kaa chini, mgongo kwenye mti wenye mizizi mipana kama ukuta. Hili siyo la starehe. Wewe sasa unalia kama nyama, na msituni kuna watu wengine wenye bunduki. Ukisikia kilio kingine kinakujibu, usishindane nacho: sema kwa sauti ya mtu, "Niko hapa," halafu uhame. Na chui naye anasikia. Akija, umwache apite. Sheria inamlinda kabisa, sawa na sokwe. Ukuta wa mizizi unakukinga na yeye pia asikujie kwa nyuma.

Sasa lia mara tatu au nne, unyamaze. Hapa ndipo nilipokosea miaka miwili mizima. Nilikuwa nalia kama redio, nikidhani kelele zaidi ndiyo nyama zaidi. Siku moja mjomba alinishika mkono, akautoa puani pangu, hakusema neno. Tulikaa kimya muda ambao mtu angemaliza sigara. Mboloko akatokea upande ambao sikuutazamia, mbio, kichwa chini, akasimama ghafla. Ndivyo anavyokuja. Jamaa zake wakubwa wekundu wanakuja kwa hatua na vituo, wakisikiliza. Ukisikia mluzi mkali wa pua kama chafya na ukaona mkia mweupe unacheza, umeshajulikana. Ondoka, na kwa wiki kadhaa usirudi hapo. Aliyedanganywa mara moja hasahau upesi.

Mjomba alikuwa na kipimo kingine: mmoja kwa kituo, kisha tunaenda mbali, bonde lingine kabisa. Kilio hiki kinawaleta dume na jike sawasawa, na kwa mboloko pembe hazitakuambia nani ni nani. Ukiua wote wawili, kile kipande kimebaki kitupu. Jike anazaa mtoto mmoja kwa mara moja. Nimeona misitu ya karibu na mji ambako hata ukilia siku nzima hakuna anayekuja. Uwe pia na kibali, uulize msimu umefunguliwa au la. Sheria ya uwindaji ya 1982 ingali inafanya kazi. Na ukivuka mto Lualaba kwenda magharibi, kumbuka kwamba Hifadhi ya Lomami, iliyotangazwa 2016, haiwindwi kwa pua wala kwa kitu kingine.

Robo saa ikipita bila kitu, utataka kuinuka. Usiinuke bado. Geuza kichwa polepole, utazame nyuma ya mti wako, kushoto halafu kulia. Mara mbili nimemkuta amesimama hapo, hatua nane, ananitazama kisogo.