Kwa Baiskeli Hadi Paje

Swali: Nataka kuendesha baiskeli polepole kutoka Mji Mkongwe hadi Paje. Joto la Januari nitalimudu?

Jibu: Utalimudu, ukitoka mara baada ya swala ya alfajiri. Ni kama kilomita 50 za lami, milima hakuna, na kaskazi itakupiga kwa kushoto. Fika Jozani kabla ya saa nne. Hapo punguza mwendo, kima punju huvuka barabara watakavyo! Jua la utosi likukute Kitogani, chini ya mwembe, na dafu mkononi. Muuzaji atakuchongea kijiko kwa ganda lake ule nyama laini. Ila dafu peke yake halirudishi chumvi iliyotoka na jasho, hivyo tafuna na muhogo wenye chumvi. Ondoka saa tisa.