Toni, Shadda na Uundaji wa Maneno

Wewe mwanafunzi wa Kitui au Makueni, huenda unazungumza Kikamba nyumbani na Kiswahili darasani. Lugha hizi mbili ni za Kibantu, lakini hutumia sauti kwa njia tofauti. Usipoielewa tofauti hiyo, utapoteza alama za matumizi ya lugha katika Karatasi ya Pili.

Toni
Kikamba ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti kwenye silabi ni sehemu ya neno. Toni za kitenzi hubadilika kulingana na wakati, ingawa maandishi ya kawaida hayazionyeshi. Kihausa cha Afrika Magharibi pia ni lugha ya toni. Kitenzi *kama* (shika) huanza kwa toni ya juu na kuishia kwa toni ya chini. Kikiwa amri, mpangilio hugeuka: chini, kisha juu. Herufi ni zilezile. Toni ndiyo iliyounda amri.

Shadda
Kiswahili sanifu hakina toni. Kina shadda, ambayo kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hivyo, ukiongeza kiambishi tamati, shadda huhama:
- pika → pikia → pikiana
- nyumba → nyumbani

Kiambishi awali peke yake hakiihamishi: pikiana, wanapikiana. Kosa la kuepuka ni kuiacha shadda kwenye mzizi, yaani kutamka pikia.

Maneno machache huenda kinyume na kanuni, na maana hubadilika:
- barabara: njia, barabara: sawasawa
- walakini: dosari; walakini: lakini

Kiimbo
Kiimbo hubadilisha lengo la sentensi nzima, si maana ya neno. “Umerudi” inaweza kuwa taarifa, swali au mshangao. Unaposoma tamthilia kama *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege, tazama alama za uakifishaji na maelezo ya jukwaani kabla ya kueleza hisia za mhusika.

Zoezi
Pigia mstari silabi yenye shadda: (a) kitabu (b) kitabuni (c) someni (d) mnasomaje?

Majibu: (a) kitabu (b) kitabuni (c) someni (d) mnasomaje?

Kumbuka: Ukiulizwa tofauti, taja kiwango: toni na shadda huhusu silabi za neno, kiimbo huhusu sentensi.