Kesi imefutwa, jina bado lipo polisi

*Shangazi, nilikuwa utingo. Usiku mmoja tulilaza lori hapa Ipogolo, asubuhi turubai limechanwa na mifuko ya mbolea imepungua. Dereva akanitaja mimi. Polisi walinichukua alama za vidole, nikafikishwa mahakamani. Kila tarehe upelelezi haujakamilika, mwishowe hakimu akafuta kesi. Sasa nimepata kazi ya ulinzi, wanataka cheti cha polisi cha tabia njema. Kuna kijana anasema nikimpa laki mbili ananifutia jina kwenye kompyuta. Nimpe?*
*Utingo, Ipogolo, Iringa*

Mwanangu, usimpe hata mia. Huyo ni kishoka, na akikuingiza kwenye rushwa utapata kesi ya pili, safari hii ya kweli.

Hukutiwa hatiani, kwa hiyo huna hatia ya kufutiwa. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Tatizo liko kwenye mafaili: polisi waliandika siku ulipokamatwa, na huenda hakuna aliyerudi kuandika kesi iliishaje.

Basi panda mjini, nenda masijala ya mahakama iliyokusikiliza. Chukua namba ya kesi, omba kwa barua nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri. Malipo yoyote yawe kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu.

Ukiipata, isome kwa makini. Kesi ikifutwa kwa sababu upelelezi umekwama, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa kawaida mshtakiwa huachiwa tu, na Jamhuri inaweza kumshtaki upya. Aliyeachiwa huru, kwa mfano baada ya hakimu kuona hana kesi ya kujibu, hashtakiwi tena kwa kosa lilelile. Kwa maelezo yako nahisi wewe ni wa kundi la kwanza. Usiogope, ila usitembee ukidai mahakama ilikusafisha.

Peleka nakala ofisi ya upelelezi ya mkoa pamoja na barua ya kuomba kumbukumbu zako zionyeshe kesi ilivyoisha, na alama zako za vidole na picha ziondolewe. Wakugongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Ombi hilo si la ajabu: mwaka 2008 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona Uingereza imekosea kuhifadhi alama za Michael Marper, ambaye kesi yake ilikuwa imeachwa. Hukumu ile haiwafungi polisi wa Iringa, lakini hoja yake ni nzuri. Ukigonga mwamba, waone wanaotoa msaada wa kisheria.

Ndipo uombe cheti. Na fomu ya mwajiri isome polepole. Ikiuliza kama umewahi kutiwa hatiani, andika hapana. Ikiuliza kama umewahi kushtakiwa, andika ndiyo, na ubanie ile nakala yenye muhuri.