Somo la Ufundi: Pembe ya Nyumba Inapozama

Katika miji yetu ya pwani zimo nyumba nyingi za mawe na chokaa zilizokaliwa na vizazi vingi. Wanafunzi kadha wa kadha wameniuliza: pembe ya nyumba ikianza kuzama, je, yaweza kuinuliwa kwa jeki? Yaweza, lakini jeki ni chombo cha mwisho kushikwa, wala si cha kwanza.

Kwanza, hapana budi kutafuta sababu. Nyumba haizami bure. Mara nyingi sababu ni maji: mlizamu ukivunjika humwaga mvua mahali pamoja, udongo chini ya msingi hulegea, na ukuta huufuata. Ukiinua pembe na kuyaacha maji, masika ijayo utarudia kazi ile ile.

Pili, yafaa kujua kama nyumba ingali inatembea. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, ukikishika kwa saruji pande zote mbili, kisha andika tarehe. Kioo kikivunjika, umepata jibu.

Tatu, pigeni hesabu ya uzito. Tuchukue dari ya boriti, mawe na chokaa, urefu mita 3, upana mita 2.5, unene sentimita 30. Ujazo wake ni mita za ujazo 2.25. Tukikisia kilo 1,800 kwa kila mita ya ujazo, dari nzima ni kilo 4,050, na nusu yake, kilo 2,025, hulala juu ya ukuta mmoja. Jeki moja yenye kitako cha sentimita 10 kwa 10 ikibeba mzigo huo juu ya udongo, itakandamiza kila sentimita ya mraba kwa kilo 20 na zaidi, nayo yaweza kudidimia badala ya kuinua. Iweke juu ya mbao nene zilizopangwa kwa kupishana, sentimita 60 kwa 60, na kila sentimita ya mraba itachukua kama kilo 0.56 tu.

Kanuni hizi nilizitumia mwaka jana, nikimsaidia fundi mwashi katika nyumba ya shangazi yangu. Dari bapa ya chumba cha mwisho ilikuwa imeshuka sentimita 4 upande mmoja. Vijana wa nyumbani walitaka kazi iishe kwa siku moja, na shangazi hakutaka kuhama chumba chake. Fundi akamwambia, "Bi Mkubwa, jeki ikiteleza haipigi hodi." Usiku ule shangazi akalala kwa jirani.

Tuligeuza maji kwanza. Tukabomoa ukuta mfupi wa ukingoni juu ya dari ili kupunguza mzigo. Chini ya boriti, karibu na ukuta uliozama, tukapitisha mhimili, tukausimamishia nguzo mbili imara na jeki mbili. Ndipo fundi akachimba chini ya msingi vipande vipande, kila kimoja kisichozidi mita moja, wala hakuchimba viwili vinavyopakana. Kila shimo alilijenga likakauka kabla ya kufungua jingine.

Kisha tukainua, milimita 2 kwa siku, jeki zote mbili zikizungushwa pamoja. Huko Chicago, Marekani, mwaka 1860, safu nzima ya majengo ya Lake Street iliinuliwa kwa jeki za skrubu zipatazo 6,000. Watu wapatao 600 walizizungusha kwa kufuata ishara moja. Baada ya kila mzunguko tulipiga kabari juu ya nguzo, ili mzigo ushikwe na nguzo hata jeki ikiteleza. Jeki huinua, nguzo ndiyo hubeba.

Siku ya 15 ilibaki sentimita moja. Lipu ikaonyesha ufa mpya mwembamba kama unywele, na fundi akasimamisha kazi. Nyumba iliyokaa upande kwa miaka mingi imekwisha zoea. Ukiilazimisha inyooke kabisa, utavunja pengine. Nafasi kati ya boriti na ukuta tuliijaza mawe bapa na chokaa, si saruji tupu, kwa maana saruji ni ngumu mno kwa ukuta laini na huzuia unyevu kutoka. Chokaa ilipokauka, tulilegeza jeki pole pole.

Wazazi nao wasidharau jambo hili. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Unguja lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa matengenezo, na watu 2 wakafa. Mkiona ufa unapanuka, au mlango uliokuwa ukifungika vizuri sasa unakwama, ondoeni watoto chumbani kwanza, kisha muiteni fundi.

Zoezi: Katika hesabu yetu, kama mbao zingekuwa za sentimita 45 kwa 45, kila sentimita ya mraba ingechukua kilo ngapi?