Somo la Mafuriko na Ongezeko la Watu
Mwalimu afundishapo mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, asianze na mvua. Aanze na sensa. Mwaka 1967 jiji lilikuwa na watu wasiofika 300,000. Mwaka 2012 mkoa ulikuwa na zaidi ya 4,300,000. Wanafunzi wachore Bonde la Msimbazi ubaoni, wapange nyumba. Miinuko ikijaa na viwanja vyake kupanda bei, wanaoingia mjini watajenga wapi?

Kisha swali ligeuzwe: maafa nayo huwahamishaje watu? Baada ya mafuriko hayo, wengi waliofikwa na maafa walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya jiji. Baadhi walirudi bondeni, karibu na riziki zao. Jibu kwamba hao ni wajinga lisipokelewe upesi. Huenda mtoto wa bondeni yumo darasani.