Hesabu ya Mshonaji: Kilichomsimamia na Ujira wa Mkono Wake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Nimejiwa chuoni na mama wa mmoja katika wanafunzi wangu, akaniuliza suala ambalo naona wengi wanalihitaji. Yeye hushona kwa mkono vifungio vya nywele vya wanawake: hukata leso vipande, akashona kila kipande mfano wa mfuko mwembamba, akapenyeza lastiki ndani yake, kikakunjana. Akasema: "Mwalimu, nashona mpaka usiku, na binti yangu hunisaidia, navyo vyatoka vyote, lakini fedha siioni. Na mwenye duka akiniuliza kimoja kimenisimamia kiasi gani, humwambia shilingi 20, anipe na faida ya moja kwa kila kumi, ili asinipunje. Je, nina makosa?"

Jawabu: Ana makosa mawili, moja juu ya mnunuzi na moja juu ya nafsi yake, na asili ya yote mawili ni kutojua hesabu. Basi tuanze kwa hesabu, kisha tuje kwenye hukumu. Bei nitakazotaja ni mfano tu. Kila mtu aweke bei za soko lake.

Doti moja ni leso mbili, na kila leso yapata urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Kipande cha kifungio ni sentimita 50 kwa 10. Basi kila leso hutoa vipande 33, na doti hutoa 66. Lakini kingo hazikatiki sawa, na vingine huharibika katika kushona. Tuseme sita hupotea, vikabaki 60. Hapa ndipo wengi huteleza: hugawanya gharama kwa vipande vilivyokatwa, na haki ni kugawanya kwa vilivyosalimika.

Gharama zake ni hizi: doti, shilingi 600; lastiki mita 12, kwa kuwa kila kimoja hula sentimita 20, shilingi 120; uzi, 60; sindano, 30; ujira wa kijana aliyetumwa sokoni, 90; ujira wa mpiga pasi, 60. Jumla ni shilingi 960. Gawanya kwa 60: kila kifungio kimemsimamia shilingi 16.

Sasa sikiliza hukumu. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), nayo ni katika vitabu tunavyosomesha, imebainishwa kwamba mwenye kuuza kwa kutaja "kimenisimamia kiasi hiki" huingia humo thamani aliyonunulia na ujira aliowalipa watu, kama dalali, mtia rangi na mfano wao. Ama kazi aliyoifanya kwa mkono wake mwenyewe, au aliyofanyiwa na mtu kwa kujitolea, ujira wake hauingii. Basi ushonaji wa mama huyu, na msaada wa binti yake, havimo katika neno "kimenisimamia". Aliposema 20 ilhali ni 16, amesema uongo, hata kama nia yake ilikuwa kujilinda.

Na uongo huo una hukumu yake. Kwa 20 na faida ya moja kwa kumi alichukua shilingi 22. Kwa 16 ilikuwa achukue 17 na senti 60. Kauli yenye nguvu zaidi katika madhehebu yetu ni kwamba ile ziada huondolewa pamoja na faida yake, yaani shilingi 4 na senti 40 kwa kila kimoja, na biashara husimama. Fedha hizo ni haki ya mnunuzi. Arudishiwe au aombwe radhi.

Mama yule akainamisha kichwa, akasema: "Basi, Mwalimu, mkono wangu hauna thamani?" Nikamwambia: La! Una thamani, ila itaje kwa jina lake. Tuseme hushona vitatu kwa saa. Vifungio 60 ni kazi ya saa 20. Na tuseme mshonaji wa kuajiriwa hupewa shilingi 60 kwa saa. Basi ujira wa kila kifungio ni shilingi 20. Jumlisha na 16: ni shilingi 36. Naye alikuwa akiuza 22, akibakiwa na shilingi 6, ambazo kwa saa ni 18 tu. Tazama basi: uongo wake ulimpa 22, na ukweli ungalimwezesha kudai 36. Hakuona fedha kwa sababu alikuwa akiutoa mkono wake sadaka pasipo kukusudia.

Kwa hiyo ana milango miwili ya halali. Wa kwanza, auze kwa mapatano, bila kutaja kilichomsimamia: "Kifungio hiki ni shilingi 40," wakakubaliana juu yake au chini yake. Wa pili, akitaka kutaja, abainishe: "Kimenisimamia 16, na ujira wa kazi yetu 20, na faida yangu kiasi hiki." Hapo amesema kweli, wala hakujidhulumu.

Na mnunuzi akikataa bei hiyo, mama ana khiyari ya kupunguza, au kutafuta kitambaa cha rahisi, au kuiacha kazi. Lakini apunguze akijua anachopunguza. Na binti naye asisahauliwe.

Ama nyinyi wenye maduka, msifanye kutojua kwa mshonaji kuwa ndiyo faida yenu. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuamrisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na jasho la mshonaji ni jasho.

Basi kila mwenye kazi ya mkono na ashike daftari la safu tatu: nilichotoa, saa nilizofanya, nilichopokea. Alijaze kila jioni, na wanafunzi wawasaidie mama zao kujumlisha.

Na tawfiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu. Wassalaam.